Kabla baba hajawasha pikipiki kwenda Kigoma

Likizo ya Juni ikikaribia, mazungumzo ya nyumba nyingi huwa ni nauli, nguo za baridi na nani ataenda kwa bibi mwaka huu. Lakini zipo nyumba ambazo sasa zina mazungumzo ya ziada. Baba ametangaza kwamba yeye hapandi basi. Anakwenda na pikipiki yake, ile kubwa ya safari, yenye kimo, tairi za vipele, kioo cha kukinga upepo na mabegi mawili ubavuni. Watoto wanashangilia. Mama anaendelea kuchambua mchele bila kuinua macho.

Kimya hicho kina sababu. Ukifanya kazi ya kuandika habari za afya, neno pikipiki hukupeleka haraka wodi ya majeruhi: miguu iliyofungwa vyuma, vijana wenye bandeji kichwani, na ndugu wakihesabu hela kwenye benchi la korido. Siwezi kumwambia mama wa nyumba hiyo kwamba hofu yake ni ya bure. Wala siwezi kumwambia baba, mtu mzima mwenye leseni na likizo yake, kwamba ndoto hiyo aizike. Ninachokiona ni kwamba nyumba nyingi hubishania jambo moja tu, aende au asiende, na wakishamaliza kubishana hakuna anayekaa chini kuangalia pikipiki imeandaliwaje, mwili umeandaliwaje, na wanaobaki nyumbani wameachiwa nini.

Mfano ninao karibu. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Royal Enfield Himalayan ya cc 411 aliyoinunua kwa mtu. Ni pikipiki ya Kihindi ya silinda moja, karibu kilo 200, yenye rimu za spoku na tairi za tyubu. Haina mambo mengi, na kwa safari ndefu hiyo ni sifa, kwa sababu fundi wa mji mdogo anaweza kuielewa. Anataka kutoka Dar es Salaam kwenda kwao Kigoma kwa njia ya kuzunguka: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza. Kurudi atapita Tabora, Manyoni na Dodoma. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 3,000. Nimefuatilia matayarisho yake kwa wiki saba, mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye ngazi za baraza yao na kikombe cha chai.

Mizani ya bafuni

Kitu cha kwanza alichotaka kufanya ni kununua. Wengi huanza hivyo. Mtandaoni kuna taa za ziada, vyuma vya kukinga injini, maboksi ya bati, viti vya sponji laini, na kila kimoja kina video ya mtu akikisifia jangwani. Dada ndiye aliyeleta mizani ya bafuni. Akasema kabla hujaongeza hata nati, pima kwanza ulivyokwisha kuvikusanya.

Hema, jiko la gesi, tairi la akiba, madumu mawili ya petroli, vifaa, nguo za siku kumi na sita na buti za pili vilifika kilo 46. Shemeji mwenyewe ana kilo 90. Kitabu cha pikipiki huandika mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa, na mpandaji anahesabiwa humo pamoja na kofia na koti lake. Watu wengi hudhani hicho ni kiwango cha mabegi peke yake.

Uzito si suala la injini kuchoka tu. Mzigo ukirundikwa juu ya keria, nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito. Usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, breki ya mbele haishiki vizuri, na kwenye mchanga pikipiki inacheza kama mkia wa samaki. Shokapu ya nyuma ikididimia, taa ya mbele huangalia juu na kuwapofusha wenye malori, nao huko Kitonga hawahitaji sababu nyingine ya kukosea. Tairi la nyuma lililobebeshwa hupata moto, na tairi lenye moto kupita kiasi hupasuka.

Kwa hiyo walipunguza. Madumu ya petroli yalitoka kwa hesabu ndogo tu: tangi lake hubeba lita 15, na hata akipata kilomita 25 kwa lita moja, anatembea zaidi ya kilomita 350. Kwenye njia yake yote hakuna umbali kama huo usio na kituo, ilimradi ajaze kila mji mkubwa na asisubiri mshale ulale. Hema lilibaki, kwa sababu atalala nyumba za wageni. Jiko nalo likabaki. Mama lishe wapo kila stendi. Tairi la akiba likabadilishwa na tyubu mbili mpya. Mizani ikasoma kilo 23. Vizito, yaani spana, tyubu na maji, viliwekwa chini ya mabegi ya pembeni, upande wa mbele, kulia na kushoto uzito ukilingana. Nguo ndizo zilizokwenda nyuma, kwenye begi jepesi lisiloingia maji.

Kisha shokapu ya nyuma ikakazwa ilingane na mzigo, na taa ya mbele ikashushwa. Kazi hizo mbili hazikuwagharimu shilingi.

Tairi, kabla ya kitu kingine chochote

Kama kuna hela ya kitu kimoja tu, iende kwenye tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na vipele virefu na bado likawa zee, limekauka na kuwa gumu, lenye nyufa ndogo ubavuni kama kisigino cha kiangazi. Lake la nyuma lilikuwa hivyo. Kwa macho lilikuwa zuri kabisa, na mtu aliyemuuzia alilipaka rangi nyeusi ya kung'arisha.

Alipofunga mapya alifanya jambo ambalo ningemshauri kila baba mwenye safari ya namna hii alifanye barazani kwake: alijifunza kuziba pancha mwenyewe. Siyo kutazama fundi. Kung'oa gurudumu, kutoa tairi kwa vyuma viwili vya kuchomolea, kubadili tyubu bila kuitoboa mpya, kujaza upepo kwa pampu ya mkono, na kurudisha gurudumu likiwa limenyooka. Mtoto wao mkubwa, mvulana wa darasa la sita, alishika saa. Mara ya kwanza saa moja na dakika 20, na vidole viwili vilichubuka. Mara ya tatu dakika 40.

Dada aliuliza kwa nini ajisumbue wakati mafundi wa pancha wako kila kijiji. Ni kweli wako. Ila pancha haichagui kijiji, inaweza kutokea Mikumi, ambako barabara kuu hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50 na tembo wanavuka wanapotaka. Kuwa na ujuzi huo hukuondolea haraka ya kijinga, ya kuendesha kwa tairi linalopungua ili ufike mbele. Hiyo haraka ndiyo inayoua.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe. Vipimo vya vituo vya mafuta havikubaliani hata vyenyewe kwa vyenyewe.

Yaliyobaki kwa fundi

Hapa nitapita haraka kwa sababu fundi mzuri anayajua. Cheni na sproketi hubadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inaliwa upesi. Oili na chujio lake vibadilishwe wiki mbili kabla, siyo asubuhi ya kuondoka, ili kama kuna uvujaji uonekane ukiwa nyumbani. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani na kwa pikipiki nyingi hutakiwa kubadilishwa kila miaka miwili. Mwenye kununua mkononi mwa mtu ahesabu kwamba hayajawahi kubadilishwa. Pedi za breki zinunuliwe jozi za akiba. Spoku zigongwe moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Bearingi za magurudumu na za shingo ya usukani zikaguliwe. Ea klina isafishwe, na ibebwe ya akiba kwa ajili ya vumbi la magharibi. Plagi moja, waya wa klachi, fyuzi, waya laini wa kufungia na tepu. Basi.

Kanuni moja aliyoishika shemeji ilinipendeza: wiki mbili za mwisho hakuna kifaa kipya kinachofungwa. Kila kinachofungwa kinaweza kulegea, na unataka kilegee karibu na nyumbani. Ndiyo maana alifanya safari ya majaribio na mzigo wote, Dar hadi Bagamoyo, Msata, Chalinze na kurudi, kilomita zaidi ya 250 kwa siku moja. Alirudi na orodha ya mambo matano. Boliti ya kishikio cha begi la kushoto ilikuwa imeanza kutoka. Jambo la tano kwenye orodha lilikuwa ganzi ya vidole vya mkono wa kulia, na hilo lilitatuliwa kwa kuinua usukani kidogo. Usukani ukiwa chini sana, uzito wa kifua huangukia viganja, na mtikisiko wa injini ya silinda moja humalizia kazi.

Baraza likigeuka gereji

Wiki hizo saba ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko barabara yenyewe. Nyumba yenye watoto watatu, mdogo wao ana miaka miwili na nusu, iligeuka gereji.

Petroli ya kusafishia cheni ilikuwa kwenye chupa ya soda chini ya kiti. Wazazi, tafadhali. Mtoto wa umri huo hajui kusoma na hajui harufu. Anajua umbo la chupa. Anayekunywa petroli au mafuta ya taa hatakiwi kutapishwa, kwa sababu yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu, na madhara makubwa hutokea huko. Hapewi maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Anapelekwa hospitali, pamoja na chupa aliyokunywa. Ni rahisi zaidi kuweka petroli kwenye dumu lake la chuma lenye kifuniko, juu, mahali pa kufungwa. Mafuta ya breki na maji ya betri nayo yakae hukohuko.

La pili ni ekzosi. Pikipiki ikizimwa, bomba hubaki la moto kwa muda mrefu, na ndama ya mguu wa mtoto iko sawasawa na kimo chake. Akiungua, weka mguu chini ya maji yanayotiririka, ya kawaida, kwa dakika 20. Siyo dakika mbili. Dawa ya meno, asali, yai na unga havina kazi hapo zaidi ya kumpa nesi shida ya kusafisha. Malengelenge yakiwa makubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ngozi ikiwa nyeupe na haina maumivu, usisubiri kesho.

Na injini isiwashwe ndani ya stoo au gereji iliyofungwa ili tu kuisikiliza. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Mvulana na kiti cha nyuma

Wiki ya nne ndipo palipochimbika. Shemeji alitaka kumchukua yule mvulana wa darasa la sita, angalau Dar hadi Mbeya. Mtoto alikuwa amekwisha kuwaambia shule nzima. Dada alikataa, baba akanuna, na mimi nikaulizwa maoni kama mtu wa afya, nafasi ambayo hakuna shemeji anayeitamani.

Nilisema hapana, na sababu zangu ni hizi. Abiria wa pikipiki anatakiwa miguu yake ikanyage vizuri vile vyuma vya kukanyagia, magoti yakiwa yamekunjwa, si kuning'inia. Mvulana huyo angefika kwa ncha za vidole. Anatakiwa kofia ngumu ya saizi yake, na kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto huzunguka, ikimziba macho, na ajali ikitokea inachomoka. Kubwa kuliko yote, watoto husinzia. Kwenye basi kusinzia ni baraka. Kwenye pikipiki iliyo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, baada ya saa tatu za jua na mtikisiko, kusinzia ni kuanguka. Wapo wanaomfunga mtoto kwa mkanda au khanga kwenye kiuno cha baba. Hapo pikipiki ikilala chini, mtoto analala chini yake.

Baba alijibu kwamba yeye mwenyewe alibebwa hivyo na baba yake, kwenye tangi, Kasulu hadi Kigoma mjini. Sikubishana naye. Waliobebwa kwenye tangi na wakaumia hatuko nao mezani kutoa ushahidi.

Suluhu waliyoifikia si yangu. Dada na watoto watapanda basi hadi Mbeya, watamsubiri huko kwa shangazi, watakaa naye siku mbili, kisha wao watarudi Dar na yeye ataendelea magharibi. Mvulana akapewa kazi nyingine ambayo nitaifikia. Alilia usiku ule, dada aliniambia, halafu asubuhi akaanza kuchora ramani.

Mwili nao ni kipuri

Baba wengi watabadilisha oili ya injini kwa wakati na hawajapima presha tangu mwaka juzi. Shemeji ana miaka 41 na anatumia dawa za presha, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo. Alikuwa amepanga kutoimeza siku za kuendesha ili asisimame simame. Tafadhali usifanye hivyo. Muulize daktari kama unaweza kubadili saa ya kuimeza, na usimame. Kusimama kila baada ya saa moja na nusu au mbili ni sehemu ya safari. Maji yanywewe kidogo kidogo njia nzima. Koti likipigwa na upepo hukausha jasho kabla hujaliona, na mtu hugundua amepungukiwa maji pale kichwa kinapoanza kugonga na uamuzi wake wa kuipita lori umekuwa mbaya. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Pakiti chache za ORS hazina uzito.

Nilimkuta pia na Piriton kwenye kisanduku cha dawa, kwa ajili ya mafua ya vumbi. Dawa hiyo humeza usingizi mzima mzima. Wafamasia wanazo dawa za mzio zisizosinziza sana. Aulizwe, na dawa mpya ijaribiwe kwanza ukiwa nyumbani, si Mafinga.

Kisha usingizi wenyewe. Mpango wa kwanza ulikuwa kuamka saa 9 usiku, akwepe foleni ya Kibaha, afike Mbeya siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 800. Utafiti uliofanyika Australia miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungua umakini karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 9 usiku anafika hapo saa 2 usiku, na kwa mwendo wa pikipiki, malori na alama za kilomita 50 kwa saa kila kijiji, saa 2 usiku bado angekuwa barabarani, gizani. Sasa Dar hadi Mbeya ni siku tatu: analala Mikumi mjini, kisha Mafinga. Saa 11 jioni pikipiki iwe imeegeshwa.

Juni aliichagua kwa sababu mvua zimekwisha. Lakini Juni ni mwezi wa baridi Nyanda za Juu Kusini, na asubuhi ya Makambako juu ya pikipiki si asubuhi ya Makambako ndani ya nyumba. Upepo wa mwendo hunyang'anya joto la mwili, vidole hukakamaa na breki huchelewa kukamatwa. Glovu nzito, fulana ya mikono mirefu ndani, na koti lisilopitisha upepo. Gazeti lililokunjwa kifuani chini ya koti husaidia vizuri sana. Nyie mnaosoma hili kwenye simu mtajua mmekosa nini.

Kofia ngumu sitaizungumza sana kwa sababu hakuna mjadala. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa mwenye kupata ajali ya pikipiki. Jaribio lake ni dogo: ifunge mkanda wa kidevu, kisha mwenzako ajaribu kuivua kwa kuisukuma toka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, si yako. Iliyokwisha kuanguka kwenye ajali haitumiki tena hata kama haina ufa. Chini, buti zinazofunika kifundo cha mguu. Makobazi yabaki kwenye begi.

Chanjo ya pepopunda ni jambo ambalo wanaume husahau kabisa. Wanawake hupewa wakiwa wajawazito. Baba wengi hawajachomwa tangu utotoni. Kwa mtu anayekwenda kushika cheni, vumbi na pengine lami kwa goti, sindano moja ya kukumbushia kama imepita miaka 10 ni jambo la nusu saa kituo cha afya.

Kati ya Sumbawanga na Mpanda barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na huko kuna mbung'o. Hufuata vitu vinavyotembea, na rangi ya bluu na nyeusi huwavutia. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jaketi la shemeji lilikuwa jeusi. Amenunua kizibao cha rangi ya kaki cha kuvaa juu, chenye mistari ya kuakisi mwanga. Si kila mbung'o ana vimelea vya malale na ugonjwa wenyewe ni wa nadra, lakini kuumwa kwake kunapenya nguo na kunaweza kumfanya mtu aachie usukani ili ajipige shingoni.

Saa ya wasiwasi

Hili ndilo lililomrejesha dada mezani. Tatizo la mke anayebaki si simu, ni kukosa simu. Njia hiyo ina sehemu ndefu zisizo na mtandao, na kila saa ya ukimya kichwa hutengeneza ajali mpya. Waliandika karatasi moja iliyobandikwa kwenye friji. Kila siku ina mji wa kuondoka, mji wa kulala, na saa ambayo kabla yake hakuna ruhusa ya kuogopa. Wameiita saa ya wasiwasi. Kwa siku ya Sumbawanga hadi Mpanda ni saa 2 usiku. Ikipita bila ujumbe, dada anapiga kwanza nyumba ya wageni aliyokusudia kulala, kisha ndugu aliye Mpanda, kisha polisi, 112. Kwa mpangilio huo.

Naye baba ana wajibu wake. Akibadili mji wa kulala, anatuma ujumbe kabla ya kuondoka kwenye mtandao, si baada. Na ana ruhusa iliyoandikwa ya kugeuza: homa, breki isiyoeleweka, au tairi la pili kupasuka, pikipiki inapakiwa kwenye lori na yeye anapanda basi, bila mtu yeyote kumcheka ukweni wala kwao. Hela ya kufanya hivyo imetengwa kwenye bahasha tofauti. Hela ya matumizi ya nyumbani ya wiki zote tatu imeachwa, na kadi za bima zimehakikiwa kama bado zinafanya kazi.

Ndani ya kofia yake, na ndani ya pochi, kuna kikaratasi: jina, namba mbili za simu, dawa anazotumia, na kwamba asivuliwe kofia na mpita njia akiwa amelala, isipokuwa akishindwa kupumua. Shingo iliyovunjika inaweza kumalizwa na wasamaria. Bandeji pana na glovu za mpira ziko begi la juu kabisa, si chini ya soksi. Damu inayotoka kwa kasi hubanwa kwa nguvu, moja kwa moja juu ya kidonda, bila kuachia kila mara ili kuchungulia.

Mvulana wa darasa la sita ndiye mwenye ramani. Amechora njia yote kwenye karatasi nne alizozigundisha, na kila jioni ujumbe ukifika atapaka rangi kipande kilichopitwa. Pia ndiye mwenye namba zote, kwa mwandiko wake, kwenye daftari, kwa sababu simu ya mama huisha chaji.

Baba atakaporudi, pikipiki ioshwe, cheni isafishwe na oili ibadilishwe tena. Naye apimwe. Shemeji anaamini malaria haimwezi kwa kuwa amezaliwa Kigoma, lakini kinga hiyo hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali na mbu wa huko, na Kigoma na Katavi zina malaria nyingi kuliko mtaa wao wa Dar. Akipata homa, maumivu ya viungo au kuharisha kuanzia siku ya saba baada ya kufika kule hadi mwezi mmoja na zaidi baada ya kurudi, asiseme ni uchovu wa barabara na asinunue dawa kwa kubahatisha. Amwambie mhudumu alikopita, na ataje mbung'o kama alimuuma. Kipimo cha malaria ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20.